Hedhi imepotea, ndevu zimeota: kosa ni la ugali?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 28, naishi Mbagala na nauza nguo za watoto kwenye duka la mtu pale Kariakoo. Nimeolewa, huu ni mwaka wa tatu, na mtoto bado. Hedhi yangu tangu sekondari haikuwa ya kutabirika, lakini sasa imezidi. Mwaka jana mzima niliziona siku zangu mara nne tu, na zikija zinakuja kwa fujo, natumia pedi mbili kwa wakati mmoja. Kidevuni zinaota nywele nene nyeusi, nazing'oa kwa kibano chooni mume wangu akiwa bado amelala. Nyuma ya shingo kumekuwa keusi kama sijui kuoga, hadi mama mkwe alinipa dodoki mbele ya wageni akasema "mwanangu, jisugue". Nina kilo 84 na karibu zote zimekaa tumboni. Kwenye daladala watu wananipisha kiti wakijua nina mimba. Nakaa, nanyamaza.

Nilipiga ultrasound kwenye zahanati moja ya binafsi. Wakaniambia nina vivimbe vingi vidogo kwenye mayai na homoni zimevurugika, basi, wakaita mgonjwa mwingine. Baadaye dada mmoja tunayejuana sokoni akaniambia tatizo ni uchafu kwenye kizazi. Ana kifurushi cha virutubisho cha kusafisha kizazi na kusawazisha homoni, shilingi 280,000. Nusu nimeshampa. Amenipa na masharti: ugali marufuku maisha yangu yote, kuku wa kisasa marufuku kwa sababu ana homoni, nile mara moja tu kwa siku, na kila asubuhi maji ya moto yenye limao na tangawizi ya kuchoma mafuta. Nilijitahidi. Mchana nikawa natetemeka hadi nashindwa kuhesabu chenji, usiku nikifika nyumbani nakula mpaka naona aibu mwenyewe.

Kwa kawaida asubuhi nakunywa chai na maandazi, saa nne chai nyingine, mchana wali maharage wa mama ntilie na soda, jioni chai tena, na nikishapita foleni nafika nyumbani saa tatu usiku ndiyo nasonga ugali. Shangazi, hivi chakula kinaweza kweli kuvuruga homoni? Niache ugali? Na zile hela nyingine nimalizie?

Mwenye Mawazo, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Weka dodoki chini kwanza. Ule weusi wa shingoni si uchafu, na ukiendelea kuusugua utajichubua bure. Ngozi ikiwa nyeusi na nene, laini kama mahameli, nyuma ya shingo, kwapani au kwenye mapaja kwa ndani, mara nyingi inatuambia kuwa damu ya mtu huyo ina insulini nyingi. Yaani mama mkwe wako, bila kujua, alionyesha wageni dalili yenye maana kuliko zote ulizoniandikia.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Ukila wanga au sukari, sukari ya damu inapanda, insulini inatoka kuisukuma iingie kwenye misuli na ini. Kwa baadhi yetu, misuli na ini vinakuwa vigumu kusikia. Kongosho linajibu kwa kumwaga insulini zaidi na zaidi. Kwa miaka mingi linaweza kuimudu kazi hiyo, ndiyo maana ukipimwa sukari unaambiwa "iko vizuri", kumbe insulini iliyotumika kuiweka vizuri ni nyingi kupita kiasi.

Ovari zako, zile ulizoambiwa ni "mayai", hazina ugumu huo. Zinaisikia insulini vizuri sana, na ikiwa nyingi inazichochea zitengeneze testosteroni, ile homoni tunayoiita ya kiume ingawa kila mwanamke anayo kidogo. Wakati huohuo ini linapunguza kutengeneza protini inayoishika testosteroni kwenye damu, kwa hiyo nyingi inabaki huru. Hiyo iliyo huru ndiyo inayootesha nywele kidevuni. Ndani ya ovari, vijifuko vya mayai vinaanza kukua kisha vinakwama njiani, hakuna yai linalopevuka na kutoka, na hedhi inapotea. Hivyo vijifuko vilivyokwama ndivyo ulivyotajiwa kwa jina la kutisha la vivimbe. Si saratani, na si uchafu. Hakuna kitu cha kusafisha pale.

Hali hii inaitwa PCOS, kifupi cha Kiingereza cha "polycystic ovary syndrome", yaani tatizo la ovari zenye vijifuko vingi. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliieleza mwaka 1935, na Shirika la Afya Duniani linasema inawapata zaidi ya mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Daktari humhesabia mtu kuwa nayo akiona mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni ya kiume kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi, mradi magonjwa mengine yanayofanana yameondolewa. Kwa maelezo yako unaonekana unayo yote matatu, lakini hiyo sehemu ya kuondoa mengine hujafanyiwa. Nitaifikia.

Swali lako la chakula. Chakula peke yake hakikukupa PCOS. Ina asili ya kifamilia, na wapo wembamba kama njiti wanaoumwa nayo. Uliza kwa mama na shangazi zako wa damu kama kuna mwenye kisukari au aliyesumbuka na hedhi, huenda ukapata jibu mezani kwenu. Lakini kwa kuwa insulini ndiyo inayosukuma mambo haya, na insulini inafuata kile unachotia mdomoni, chakula kina nguvu ya kweli hapa. Sema nguvu hiyo haiko pale ulipoelekezwa.

Wewe unauliza ugali, mimi nimeona chai. Hukuniambia unatia vijiko vingapi, ila najua chai ya mjini. Tuseme vitatu. Kijiko kimoja cha chai kikiwa sawasawa ni gramu 4 hivi, na vyako vina kilima juu. Vikombe vitatu kwa siku ni gramu 36 bila kuhesabu kilima. Soda ya mchana, chupa ya mililita 350, inakaribia gramu 35 nyingine. Hapo umevuka gramu 70, na maandazi hatujayagusa. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Sukari ya kunywa inaingia kwenye damu mbio kwa sababu haina cha kuichelewesha, halafu haishibishi.

Kwa hiyo kama utabadilisha jambo moja tu, badilisha hilo. Soda iwe ya harusini. Chai ipunguze kijiko kimoja, ukae hapo mpaka ulimi uzoee, ndipo upunguze kingine. Ukiiweka tangawizi, hiliki na mdalasini wa kutosha, hutaikosa sana sukari. Na tafadhali usibadilishe soda kwa juisi ya miwa ukasema ni ya asili. Miwa ndiyo sukari yenyewe. Tunda litafune.

Sasa mama ntilie. Naijua sahani yake: wali umejaa hadi ukingoni, maharage kijiko kimoja kikubwa na nusu pembeni, mchicha wa kuonja, kachumbari kama anazo nyanya. Sikuambii umhame. Mwambie: "Mama, wali nipunguzie nusu, maharage niongezee, na mboga nipe ya kueleweka." Wengi watakubali kwa bei ileile, na asipokubali mwongezee kidogo, ni hela ile uliyokuwa unanunulia soda. Maharage, kunde, choroko, dengu na mbaazi vina protini na nyuzinyuzi, na wanga wake unatoka polepole, kwa hiyo insulini haipandi kwa kishindo. Kisha anza kula mboga na maharage, wali umalizie. Linaonekana jambo dogo, lakini vyakula vilevile, kwa kiasi kilekile, vikiliwa kwa mpangilio huo hupandisha sukari ya damu kidogo kuliko ukianza na wali.

Na maandazi? Ni unga mweupe, sukari na mafuta, na unayala saa ambayo tumbo ni tupu kabisa. Mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha vitakufikisha mchana bila kutetemeka. Siku ambazo huna muda, karanga za kuchemsha za pale Kariakoo zinafaa kuliko andazi. Sikukatazi andazi la Jumapili.

Ugali usiuache. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unasema wazi kwamba hakuna mlo mmoja uliothibitika kushinda mingine yote. Kinachosaidia ni ule mlo bora ambao mtu anaweza kuishi nao. Mtu wa Mbagala asiyekula ugali wala wali maisha yake yote atakula nini, tuseme ukweli? Shida ni ukubwa wa bonge na upweke wake. Ugali wa ngumi yako moja, samaki au dagaa, na mboga za majani zinazojaza nusu ya sahani, huo ni mlo wa mwenye PCOS kabisa. Unga wa dona una nyuzinyuzi zaidi kuliko sembe na unashibisha mapema, ila usidanganyike ukala bonge mara mbili kwa sababu ni dona. Ukipata wa mtama au ulezi, badilisha siku mojamoja.

Kuku wa kisasa nimemsikia miaka nenda rudi, kwamba anaotesha wanawake ndevu. Kuku yule hukua upesi kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa vizazi kwa vizazi, na chakula chenye nguvu nyingi. Homoni za ukuaji ni protini: ukizichanganya kwenye pumba, kuku anazimeng'enya kama chakula kingine, ingebidi mfugaji amdunge sindano kila mmoja, kila mara. Hakuna mfugaji wa kuku elfu mbili mwenye muda huo. La kumhoji mfugaji ni antibiotiki, kama anasubiri siku zilizoandikwa kwenye dawa kabla ya kuuza. Hilo ni tatizo la kweli, lakini halihusiani na kidevu chako. Mchemshe, mchome, mle. Ngozi na chipsi za pembeni ndizo za kuangalia.

Mlo mmoja kwa siku umeshauonja mwenyewe na umeona ulikokupeleka. Mtu akishinda na njaa kazini, usiku akakutana na sufuria, atakula cha siku nzima kwa dakika kumi, kisha analala. Kwa mtu ambaye mwili wake unahangaika na insulini, huo ni mpangilio mbaya. Nawe usione aibu kwa kula vile, njaa ilidai haki yake. Ila kama tabia ya kula bila kujizuia itaendelea hata ukiacha masharti haya, mwambie daktari. Wenye PCOS hupatwa nayo zaidi ya wengine, pamoja na huzuni na wasiwasi, na vinatibika. Kwa foleni yako ya Mbagala, kula kitu cha maana saa kumi na moja kabla hujafunga duka: yai, karanga, parachichi, mtindi usio na sukari. Ukifika saa tatu usiku utatosheka na kidogo. Wanaokuambia usile kitu baada ya saa kumi na mbili jioni hawapandi daladala zenu.

Limao halichomi mafuta, ila nina kazi yake. Hedhi yako ikija ni nzito, na mwanamke anayemwaga damu namna hiyo hupungukiwa madini ya chuma. Kamulia limao kwenye mchicha na maharage, vitamini C inausaidia mwili kufyonza chuma kilichomo. Na chai iondoe mezani wakati wa kula, inywe saa moja baadaye, kwa sababu inazuia chuma hicho.

Halafu tembea. Msuli unapofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kuisubiri insulini iufungulie, na athari hiyo inaendelea saa kadhaa. Robo saa ya kuzunguka mitaa ya Kariakoo baada ya chakula cha mchana ina faida kubwa kuliko unavyodhani. Kwa wiki lenga dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kukutoa jasho kidogo, na siku mbili za kazi ya nguvu: kuchuchumaa na kusimama, kubeba ndoo, kujisukuma ukutani. Kilo 84 zako hazihitaji kuwa 60. Wengi wanaona hedhi ikianza kurudi wakipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, ambayo kwako ni kilo 4 hadi 8. Na hata mizani ikigoma, mabadiliko haya bado yanaisaidia insulini, sukari na presha. Nywele za kidevuni huchelewa, usitegemee mabadiliko kabla ya nusu mwaka.

Hela. Ile nusu iliyobaki usimalizie, na iliyokwenda ikirudi ni bahati. Sikijui kilichomo kwenye kifurushi, na hilo ndilo tatizo, kwani hata anayekuuzia hakijui. Dawa za kupunguza mwili zinazouzwa mkononi zimekamatwa nchi nyingi zikiwa zimefichwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo na kuleta kiharusi. Nyingine ni dawa za kuharisha tu. Unaharisha maji, unapungua kilo mbili, unashangilia, zinarudi. Na wewe unatafuta mimba. Mimba inaweza kuingia ukiwa katikati ya kifurushi.

Zile laki moja na arobaini zitumie hospitali ya rufaa, kliniki ya magonjwa ya wanawake. Chakula hakichukui nafasi ya safari hiyo, nisikilize vizuri hapa. Mwanamke asipopevusha yai hapati homoni ya projesteroni ya kutosha, na bila hiyo ukuta wa ndani wa mji wa mimba unaendelea kunenepa mwezi baada ya mwezi. Ndiyo sababu hedhi yako ikija inakuja kwa fujo. Ukiachwa hivyo miaka, ukuta huo unaweza kuelekea kwenye saratani. Kukaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi ni jambo la kumwona daktari, si la kusubiri dona lifanye kazi. Anaweza kukupa vidonge vya projestojeni, dawa inayofanya kazi kama projesteroni, vya kuileta hedhi kwa mpangilio, metformini kama insulini na sukari vinahitaji msaada, na kwa kuwa mnataka mtoto, zipo dawa za kupevusha yai kama letrozoli. Hizo usiazime kwa jirani wala kuziulizia duka la dawa.

Vipimo vya kuuliza: mimba kwanza, usicheke, wanaokosa hedhi muda mrefu hushtukizwa. Halafu TSH, homoni inayoiamrisha tezi ya shingo, na prolaktini, homoni ya maziwa, kwa sababu yoyote kati ya hizo ikivurugika inaweza kufuta hedhi na mtu akadhani ni PCOS. Testosteroni, wingi wa damu, presha, mafuta ya damu. Na sukari isiwe ya kidole tu. Ulizia kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa tena baada ya saa mbili, maana ya asubuhi ukiwa hujala inaweza kuonekana safi kabisa. Sauti ikianza kuwa nzito, au ndevu zikaongezeka kwa kasi ndani ya miezi michache, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo. Beba na daftari lenye tarehe za hedhi zote unazozikumbuka, daktari atakusikiliza zaidi akiona umeandika.

Anza pia asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, tangu sasa kabla ya mimba. Ni kidonge cha bei ndogo. Mwulize daktari kama kwa uzito wako atataka kuongeza.

Jambo la mwisho halimo kwenye barua yako, na nimeona halimo. Miaka mitatu, na anayepimwa, anayekatazwa ugali na kupewa dodoki ni wewe peke yako. Kwa takribani nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume nao una mchango, hata pale mke anapokuwa na PCOS kama wewe. Mumeo akapime mbegu. Hakuna sindano wala kupasuliwa: anakaa siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa, anapewa kikopo na chumba, anamaliza. Mwende siku moja, kliniki moja. Akianza kujizungusha, mwambie Shangazi ndiye aliyesema, aniandikie mimi.